Mayai Niliyokula Daftarini

Kuna watu wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa mtihani wa hesabu. Mimi naogopa harufu ya yai la kuchemsha. Usicheke kwanza. Jumamosi iliyopita tulikuwa stendi pale Tukuyu, tumejibanza kibarazani tunasubiri mvua ipungue, na jamaa yangu mmoja tunayesoma naye kidato cha tatu akanunua yai. Akalimenya taratibu, akalimwagia chumvi na pilipili, akalisogeza karibu na uso wangu kwa makusudi. Ile harufu ilipoingia puani, nikaziba pua na kugeukia ukutani.

"Vipi, mimba?" akaniuliza.

Watu wote kibarazani wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wao, maana shuleni kwetu hiyo ndiyo kazi yangu, kuchekesha. Ila kichwani sikuwa pale tena. Nilikuwa nimesharudi darasa la nne, nimesimama mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu, na naulizwa habari za mayai.

Nilikuwa mfupi. Bado ni mfupi, lakini siku hizi nina mdomo mrefu, unasaidia. Wakati ule sikuwa na msaada wowote. Nilikaa dawati la mbele, miguu haigusi sakafu, na wenzangu waliniita Kisoda. Sikujali sana, mpaka alipokuja Mwalimu Nyamizi.

Mwalimu Nyamizi alipangiwa kwetu kutoka Tabora, na nadhani waliompangia hawakumwambia habari ya baridi. Alipanga chumba Ibighi, kule Tukuyu mjini, na kila asubuhi alipanda milima ya kwetu Lufingo kwa bodaboda, amevaa masweta mawili na koti la mvua, meno yanagongana hata ile miezi ambayo sisi tunasema kuna joto. Alitufundisha sayansi. Kitu kimoja kilimshinda kabisa kuelewa, nacho ni sisi.

"Nyie watoto mna nini?" alikuwa anasema, chaki inaelekezwa dirishani. "Migomba ile pale. Maharage yale. Ng'ombe wa maziwa kila nyumba. Maparachichi yanaokotwa na nguruwe! Kwetu mvua tunaisubiri kama mgeni wa heshima, nyie inawafuata mpaka kitandani. Halafu mnadumaa. Mnadumaa katikati ya chakula!"

Akabandika ubaoni picha kubwa ya sahani. Upande mmoja ndizi na viazi, upande mwingine mboga za majani na matunda, na upande wa tatu, ule aliouita wa kujenga mwili, kulikuwa na samaki, maharage, glasi ya maziwa, na yai lililokatwa katikati. Jeupe pembeni, duara la njano ndani. Niliitazama sana ile picha. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote darasani, ukimtoa yule msichana Tumpe.

Kisha akatupanga foleni kwenye fremu ya mlango na kutupima. Kila mmoja alichorewa mstari wa chaki juu ya kichwa, na jina pembeni. Mistari ya wenzangu ilisongamana juu kama watu wanaogombea bomba. Wa kwangu ulikuwa chini, peke yake.

"Muhula ukiisha," Mwalimu akasema, "watu wa lishe watakuja kutoka wilayani kuwapima rasmi. Watakaoonekana wamedumaa, wazazi wao wataitwa wilayani."

Hakumtazama mtu. Lakini darasa zima lilinitazama mimi.

Rafiki yangu Lusajo, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa anajua kila kitu, na kila alichokijua kilikuwa kibaya. Mapumziko akanivuta nyuma ya vyoo.

"Kisoda, umesikia? Wanakuja na gari jeupe. Wazazi wanapakiwa nyuma."

"Wanapelekwa wapi?"

"Si wilayani! Umesikia mwenyewe. Wanawekwa huko."

"Mpaka lini?"

Akafikiri kidogo. Kwa Lusajo, kufikiri kulikuwa ni kutafuta jibu lenye maumivu zaidi.

"Mpaka mtoto arefuke."

"Muongo."

"Haya. Yule mama wa kule mtoni, mama yake na Bupe, unadhani alienda wapi?"

Siku hizi najua kwamba mama yake Bupe alienda Chunya kwa mume mwingine. Lakini wakati ule hakuna mtu aliyetueleza habari za wakubwa, na Bupe alikuwa mfupi. Ushahidi ukatimia.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Mama, na Bibi aliyemzaa Baba. Baba alisafiri na malori ya ndizi kwenda Dar, na kuja kwake kulikuwa kama kupatwa kwa jua, kunatangazwa sana na kunaisha upesi. Kwa hiyo Mama akipakiwa kwenye gari jeupe, nabaki na Bibi. Nilimpenda Bibi, sisemi hivyo. Ila Bibi alikuwa anatembea na fimbo, na fimbo haikuwa ya kutembelea.

Chakula kilikuwepo, Mwalimu hakukosea. Ila kilikuwa kinapita. Maziwa yalikamuliwa alfajiri na kwenda kituo cha kukusanyia kabla sijanawa uso. Maparachichi mazuri yalikuja kuchukuliwa na mnunuzi, sisi tukabaki na yaliyopasuka. Mayai alikuwa nayo Bibi, kwenye kikapu chini ya kitanda chake, mengine ya kuatamiwa, mengine ya kuuzwa. Tulichokula ni ndizi. Ndizi na maharage, ndizi na mboga, na siku ambayo hakuna kitu, ndizi na ndizi. Mama alikuwa anazimenya kwa kisu haraka mpaka vidole vinageuka vyeusi, anazitupa kwenye sufuria, na jioni imekwisha.

Siku ile nilijikaza nikaenda mlangoni kwa Bibi.

"Bibi, naomba yai."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Wewe ni mchungaji wa kanisa?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa yai la nini, gwe? Mwana akisoea mayai atakuwa mwisi. Leo la nyumbani, kesho la jirani."

Gwe kwa kilugha chetu ni wewe, na kwa Bibi z ilikuwa s, kwa hiyo mwizi akawa mwisi. Nikarudi nyuma. Nilikuwa nimebakiwa na njia moja, na njia hiyo Mwalimu Nyamizi aliileta mwenyewe kesho yake. Alitutaka kila mtu awe na daftari jipya, juu aandike Daftari la Mlo. Kila asubuhi uandike ulichokula jana. Mwalimu angeyasoma, na watu wa lishe wakija angewaonyesha.

Ungekuwa wewe ungeandika nini?

Mimi nikaandika: *Jana nilikula ndizi, maharage na yai moja.* Neno yai nililifuta na kulirudia mara tatu, mpaka likaonekana kama limechemka. Mwalimu akapiga tiki nyekundu, akaandika *Safi sana!* Nikasikia shingo inarefuka.

Keshokutwa yake nikaandika mayai mawili. Wiki ya pili nikaongeza maziwa vikombe vitatu na maini. Wiki ya tatu niliandika samaki asubuhi, kuku mchana na mayai jioni. Kwenye karatasi nilikuwa nakula kuliko mbunge. Kwenye mwili nilikuwa nashindia ndizi, na usingizi nao ulipungua, kwa sababu uongo mtamu, lakini unataka kukumbukwa. Kila gari lililopanda mlima kutoka upande wa Kiwira nilisimama kulitazama rangi. Lori la mkaa, nashusha pumzi. Noah ya bluu, nashusha pumzi. Siku moja likapita jeupe, na nilikimbia mpaka nyumbani katikati ya kipindi cha michezo. Nikamkuta Mama anafua. Akaniuliza nimesahau nini. Nikasema nimesahau kumsalimia. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Basi. Shule ilikuwa na banda la kuku. Lilikuwa ni wazo la Mwalimu Nyamizi pia: kuku kumi na wawili wa mradi, mayai yao wapikiwe watoto wa darasa la kwanza kila Ijumaa. Darasa la nne ndio tuliookota mayai na kuwapa kuku chakula. Na katikati ya muhula mayai yakaanza kupotea. Leo mawili, kesho matatu. Ijumaa moja darasa la kwanza wakala uji mtupu, wakalia kwa pamoja kama kwaya.

Mwalimu Mkuu alikuwa mzee mpole, mpaka asikie neno mradi limetajwa vibaya. Paredi ya Jumatatu alisimama mbele yetu kwenye ukungu, fimbo nyuma ya mgongo.

"Tuna mwizi hapa. Anawaibia watoto wadogo. Na mwizi huyu, nawaambieni, anashiba."

Kisha nikasikia sauti pembeni yangu, sauti ya mtu mwema anayetaka kusaidia.

"Mwalimu, Kisoda ndiye anakula mayai kila siku. Ameandika kwenye daftari."

Lusajo hakuwa na nia mbaya. Nilimuuliza baadaye, akasema alitaka kunisifia.

Ofisini kulikuwa na meza, jiko la mkaa lililokuwa limezimika, Mwalimu Mkuu na Mwalimu Nyamizi. Daftari langu lilikuwa wazi katikati. Walikuwa wameshayasoma ya wenzangu: ndizi, ndizi, ndizi, makande, ndizi. Langu lilikuwa linang'aa mayai.

"Haya mayai," Mwalimu Mkuu akasema, "umeyatoa wapi?"

Nataka uelewe hesabu niliyoipiga pale, kwa sababu sijawahi kupiga hesabu haraka namna ile tena, na matokeo yangu ya juzi yanathibitisha. Nikisema ukweli kwamba sijala yai hata moja, basi sili, basi nimedumaa, basi gari jeupe na Mama. Nikisema nimeiba, ni fimbo. Fimbo zinauma, lakini zinahesabika, zinaisha, unarudi nyumbani unamkuta mtu.

"Niliiba, Mwalimu."

Mwalimu Nyamizi alikaa chini taratibu. Nakumbuka uso wake ulivyokuwa. Nilitegemea hasira, nikaona kama nimemnyang'anya kitu.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

Nikageuka, nikashika meza tayari kwa fimbo. Mwalimu Mkuu akaniambia nisimame vizuri.

"Hili si la fimbo. Kesho uje na mzazi wako."

Nilikuwa nimekimbia simba, nikapanda mti, na juu ya mti simba ananiuliza mbona nimechelewa.

Asubuhi Mama alijiandaa kwenda shule. Nilikuwa nimemwambia naitiwa mzazi, na kwamba ni habari ya mayai, basi. Alivaa kanga zake za kanisani, akamshika kuku jike wa madoadoa aliyekuwa ndiye anayetaga, akamkumbatia kwapani. Kwetu huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Bibi alisimama mlangoni, fimbo mkononi.

"Nilisema," akasema Bibi. "Nilisema mwisi."

Njiani Mama alitembea mbele. Matone ya ukungu yalikuwa yamejipanga kwenye nywele zake. Mimi nilikuwa naangalia mgongo wake na kujaribu kuukariri.

"Shikamooni, walimu."

"Marahaba, mama. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alimweka kuku sakafuni, miguu imefungwa, akasema ameleta alichonacho, na kama hakitoshi, waseme. Mwalimu Mkuu akamwonyesha daftari. Mama alisoma polepole, kidole kinafuata mstari kama anavyosoma Biblia.

"*Jumatatu, mayai mawili, maini, maziwa vikombe vitatu.*" Akafungua ukurasa mwingine. "*Jumatano, kuku.*" Akanitazama. "Kuku yupi?"

Kuku wa madoadoa alinitazama pia.

"Mwalimu," Mama akasema, "mtoto huyu analala nyumbani kwangu. Haya aliyapikia wapi?"

"Ndiyo swali," akasema Mwalimu Nyamizi. Alisogea, akachuchumaa mbele yangu, masweta yake mawili yananukia moshi. "Hebu nieleze. Mayai uliyachemshaje?"

Nilishangaa kwamba wamechagua swali rahisi hivyo. Kuchemsha! Nani kwetu hajui kuchemsha?

"Niliyamenya, Mwalimu. Halafu nikayaweka kwenye maji."

"Uliyamenya kwanza?"

"Ndiyo. Kwa kisu. Halafu nikayachemsha mpaka yakalainika."

Mwalimu Mkuu alikohoa. Mwalimu Nyamizi akanyanyua kidole kumzuia.

"Na kile cha njano, kile cha katikati?"

"Kile nilitupa."

"Kwa nini?"

"Si kokwa, Mwalimu?"

Elewa. Mimi chakula nilichokijua kilimenywa kwanza ndipo kikaingia sufuriani. Yai nililolijua kwa ndani ni lile la pichani, jeupe na duara lake, na kitu chenye duara katikati mimi nilishakiona mara nyingi, kwenye parachichi: duara ni kokwa. Nyumbani yai likipasuka na kumwaga maji Bibi alisema limeharibika, akalitupa. Nilijua yaliyoharibika ndiyo yana maji.

Mwalimu Mkuu alicheka. Alicheka kwa sauti ambayo sikujua anayo, akajishika tumbo, akapiga meza. Nami nikataka kucheka, kwa sababu nilishaanza kujua kwamba mtu anayecheka hachapi. Halafu nikamwona Mama.

Mama alikuwa ameangalia chini. Hakuna aliyemwambia kitu kibaya, na alikuwa amesimama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Hajawahi kula yai," Mwalimu Nyamizi akasema, si kwa mtu yeyote.

Nikajua nimekwisha. Nimemuuza Mama. Maneno yakanitoka yote kwa pamoja, na machozi, na kamasi.

"Mwalimu, ananilisha! Ninakula! Msimpeleke Mama kwenye gari! Nitarefuka, Mwalimu, nipeni mpaka Pasaka! Baba hayupo, msimpeleke!"

Kicheko kikakatika. Ilichukua muda kunitoa habari yote ya gari jeupe, na Lusajo, na mama yake Bupe. Mwalimu Nyamizi alibaki amechuchumaa vilevile, mkono mdomoni. Alisema watu wa lishe wanawaita wazazi kwa nusu siku tu, wanapika pamoja, wanarudi kwao. Aliyasema mara mbili, mara ya pili akimtazama Mama. Mama akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeitikia tangazo lisilomhusu.

Kisha akauliza, "Hao kuku wenu mnawalisha nini?"

"Maganda ya ndizi," akasema Mwalimu Mkuu. "Na pumba zikiwepo."

"Naomba niwaone."

Tukaenda bandani wote wanne. Mama akaingia ameinama, akawakamata mmoja mmoja na kuwatazama midomo. Wa tano akatoka naye. Kwenye mdomo wa yule kuku kulikuwa na ute wa njano uliokauka, na kwenye majani pale alipolala, vipande vya maganda ya yai.

"Mwizi wenu huyu," Mama akasema. "Na wenzake wawili. Wanakula mayai yao wenyewe. Kuku akikosa kitu mwilini anakitafuta hapo hapo alipokitoa. Wasagieni mifupa, muwape na dagaa na majani." Sauti yake ikawa ya chini sana. "Kuku naye ana makundi yake ya chakula, Mwalimu."

Mwalimu Nyamizi akasema, "Nisamehe, mama." Nilikuwa sijawahi kusikia mwalimu akimwambia mtu neno hilo.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani siku ile. Mama alimbeba kuku wetu kwapani kama alivyokuja naye. Tulipopita kwenye mashamba ya chai, akapunguza mwendo mpaka tukawa sambamba.

"Kwa hiyo ulifikiri watanichukua."

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nirefuke."

Akasimama. Akanitazama kuanzia nyayo mpaka utosini, safari fupi.

"Basi ningebeba godoro," akasema.

Nilicheka, jamani. Nilicheka cheko la wiki nzima. Mama akakaa kwenye ukingo wa barabara, akamweka kuku mapajani, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kumtikisika. Nikazidi kucheka, nikamwambia na mto pia, Mama, ungebeba na mto. Yalikuwa yanatikisika bado. Nikaongeza ndoo. Nilikuwa nimefika kwenye sufuria ndipo nikagundua kwamba nacheka peke yangu.

Baadaye Mama alisema, akiwa bado ndani ya kanga, "Lile daftari, ulipokuja unasema Mwalimu anataka daftari jipya. Nilimwomba Bibi yako mayai manne, nikaenda kuyauza nikalinunua."

Nilikaa karibu naye kwenye majani, kaptula ikalowa yote, nikashika pindo la kanga yake kwa mikono miwili na kukaza. Alikuwa amesikia Mwalimu akisema wazazi wanarudi siku hiyohiyo, na mimi nilisikia. Lakini chini kule kwenye kona, ndani ya ukungu, kulikuwa na gari linapanda, na rangi yake ilikuwa bado haijaonekana.